Habari za Jina la Fiona na Asili Yake

Miongoni mwa majina ya wanawake yahesabiwayo kuwa ya Kiskoti, ni taabu kulipata lenye sauti ya kale kama Fiona, na ni taabu vilevile, katika yale yaliyoenea sana, kulipata lililo changa kama hilo. Alisikiaye kwa mara ya kwanza hudhani kwamba limetoka kwa mabinti wa machifu wa zamani waliokaa katika ngome za mawe kando ya maziwa ya baridi, likarithiwa na mjukuu kutoka kwa bibi, kizazi baada ya kizazi, hata likafika katika madaftari ya shule za zama zetu. Lakini mtu akiyafunua madaftari ya ubatizo ya parokia za Uskoti, akayapitia ya karne ya 17 na ya 18 ukurasa kwa ukurasa, atawakuta kina Margaret na Isobel, kina Janet na Elspeth, kina Marion na Christian, ila Fiona hatamwona. Jina hili liliandikwa vitabuni kabla halijaitwa na mama yeyote mlangoni pake, na habari zake ni habari za watu walionyang'anywa mengi yaliyokuwa yao, kisha wakajitungia upya sehemu ya yale waliyoyakosa.

Ili ajabu ya jambo hili ipate kufahamika, yapasa kwanza tueleze jinsi Waskoti wa zamani walivyowapa watoto wao majina. Ada iliyoshikwa na jamaa nyingi, ingawa haikuwa sheria, ilikuwa hii: mtoto wa kiume wa kwanza alipewa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama, binti wa kwanza alipewa jina la bibi mzaa mama, wa pili jina la bibi mzaa baba, na wa tatu jina la mama yake mwenyewe. Kwa ada hiyo kila mtoto alikuwa na somo wake katika ukoo, aghalabu yu hai na aweza kumpakata, na wazazi hawakuulizana ni jina gani lililo zuri, bali waliulizana zamu ni ya nani. Hata pale ambapo babu hakujaliwa mjukuu wa kiume, jina lake halikuachwa lipotee, kwani binti alilichukua likiwa limeongezwa mwisho wa kike, na ndiyo sababu Nyanda za Juu na Visiwa vya Magharibi vikajaa kina Donaldina, Murdina, Hughina na Williamina. Katika ada ya namna hiyo jina lisilokuwa na bibi halikuwa na mlango wa kuingilia, na Fiona halikuwa na bibi.

Shina lake, hata hivyo, ni la kale kweli kweli. Katika Kigaeli, lugha iliyosemwa na watu wa Nyanda za Juu na visiwa, na iliyo ndugu wa damu wa Kigaeli cha Ireland, liko neno *fionn*, ambalo maana yake ni nyeupe, au yenye kung'aa, na ambalo likitajwa juu ya mtu huelekea zaidi nywele zake zikiwa na rangi ya nafaka iliyoiva. Neno hili lina ndugu yake katika lugha ya watu wa Wales, nalo ni *gwyn*, ambalo pamoja na weupe lina maana ya mbarikiwa. Kwa hiyo hatukosei tukisema kwamba weupe uliokusudiwa na wazee hao ulikuwa karibu na ule tuutajao sisi tusemapo kwamba fulani ana moyo mweupe. Katika shina hilohilo limechipuka jina la Guinevere, malkia wa hadithi za Mfalme Arthur, na watu wa Cornwall walipolitamka Guinevere kwa namna yao likawa Jennifer. Hivyo Fiona na Jennifer, ambao hukaa darasa moja pasipo kudhani kuwa wana udugu, majina yao yana mzee mmoja.

Mtu mashuhuri kupita wote aliyelichukua neno hilo alikuwa mwanamume. Huyo ni Fionn mac Cumhaill, shujaa wa hadithi za Wagaeli, aliyeitwa Demne utotoni mwake, na akapewa jina la Fionn kwa ajili ya weupe wa nywele zake. Alikuwa amiri wa kikosi cha wawindaji na wapiganaji kilichoitwa Fianna, baba wa Oisín aliyekuwa mshairi, na babu wa Oscar aliyekuwa hodari wa vita. Hadithi zake zilisimuliwa pande zote mbili za mlango wa bahari utenganishao Ireland na Uskoti, nyakati za usiku wa baridi, watu wakiwa wameuzunguka moto wa udongo mweusi wa kinamasi, na wasimuliaji wake hawakuwa na kitabu mkononi, maana walizipokea kutoka kwa baba zao na wakazihifadhi kwa moyo.

Kisha wakaja wageni. Tangu mwisho wa karne ya 8 majahazi ya watu wa Kaskazini yalianza kuzishambulia pwani za Uskoti na Ireland, na baada ya kushambulia wakahamia, wakaoa, wakalima, wakatawala, hata visiwa vya magharibi vikapata kuitwa na Wagaeli Innse Gall, yaani visiwa vya wageni. Waandishi wa tarehe wa Ireland waliwagawa wageni hao mafungu mawili, wakawaita wengine *fionnghall*, wageni weupe, na wengine *dubhghall*, wageni weusi, na katika neno hili la pili yametoka majina ya Dougal na MacDougall yaliyoko hata leo. Utawala wa Norwe juu ya visiwa hivyo ulikoma kwa Mkataba wa Perth wa mwaka 1266, mfalme wa Norwe alipomwachia Alexander wa Tatu wa Uskoti visiwa hivyo pamoja na Kisiwa cha Man kwa fidia ya marki 4,000 na ada ya marki 100 kila mwaka. Lakini damu iliyokwisha kuchanganyika haikurudi Norwe, wala majina hayakurudi.

Basi katika visiwa hivyo ndimo wanawake walimoitwa Fionnghal, jina ambalo wengine hulieleza kwa habari za wageni weupe, na wengine hulihesabu kuwa ni namna ya Kiskoti ya jina la kale la Kiireland, Fionnghuala, lenye maana ya mwenye bega jeupe. Fionnghuala wa hadithi alikuwa binti wa Lir, ambaye mama yake wa kambo alimgeuza bata maji pamoja na ndugu zake watatu, wakaelea juu ya maziwa na bahari kwa miaka 900, naye dada mkubwa akiwafunika wadogo zake kwa mbawa zake wakati wa dhoruba. Watu wa Ireland walilifupisha jina hilo likawa Nuala. Waskoti wakalifanya Fenella au Finella, na mapokeo yao yamtaja Finella mmoja wa mwaka 995, mke wa cheo, aliyemwua Mfalme Kenneth wa Pili ili kulipa kisasi cha mwanawe. Hao ndio wanawake wa kweli na wa hadithi waliolichukua shina la *fionn* kabla Fiona halijaandikwa, na wale walioitwa Fionnghal, kama tutakavyoona, waliitwa kwa njia mbili.

Kwani lugha ya nyumbani ilikuwa moja, na lugha ya daftari ilikuwa nyingine. Makasisi walioandika ubatizo na ndoa waliandika kwa Kiingereza, hata katika parokia ambazo Kiingereza hakikufahamiwa na watu kumi, na kwa kuwa majina ya Kigaeli yaliwasumbua katika kuyaandika, walimtafutia kila mwanamke jina la Kiingereza lililokaribia lake kwa sauti, au lisilokaribia hata kidogo ila limezoeleka. Mòrag akaandikwa Sarah au Marion. Beathag akaandikwa Rebecca au Sophia. Oighrig akaandikwa mara Effie, mara Euphemia, mara Henrietta, na mara nyingine, jambo litakalomshangaza msomaji wa huku kwetu, akaandikwa Africa. Wala hili la mwisho halikuwa na uhusiano na bara letu, kwani ni umbo la jina la kale la Kigaeli, Affraic, lililochukuliwa katika zama za kati na wanawake wa nasaba ya kifalme, mmoja wao akiwa Affreca, binti wa mfalme wa Kisiwa cha Man, aliyeolewa na bwana wa vita John de Courcy na akajenga nyumba ya watawa huko Ulster mnamo mwaka 1193. Na Fionnghal, katika madaftari hayo, aliandikwa Flora, jina la mungu wa kike wa maua wa Warumi wa kale, ambalo limezoeleka pia kwa akina dada na shangazi wengi wa Tanzania na Kenya.

Flora mmoja aliyepita wote kwa sifa alizaliwa mwaka 1722 huko Milton, katika kisiwa cha South Uist, na nyumbani kwao aliitwa Fionnghal. Mnamo Aprili 16, 1746, katika uwanda wa Culloden karibu na mji wa Inverness, jeshi la Charles Edward Stuart, aliyekuja kudai kiti cha enzi cha babu zake, lilivunjwa na majeshi ya Serikali kwa muda usiotimia saa moja; naye akatoroka, akawa anajificha mapangoni na vibandani katika visiwa, hali Serikali imetoa ahadi ya pauni 30,000 kwa atakayemkamata. Fedha hiyo ilitosha kumtajirisha mkulima yeyote wa visiwani pamoja na wajukuu zake, lakini hakuna aliyeitaka. Flora, aliyekuwa binti wa miaka 24, alikubali kumvusha mtoro huyo kutoka Benbecula mpaka Skye. Na ajabu ni kwamba hati ya kupitia alipewa na baba yake wa kambo, Hugh MacDonald, aliyekuwa mkuu wa askari wa Serikali katika visiwa hivyo. Hati ilitaja Flora, mtumishi wake Neil MacEachen, na kijakazi mmoja wa Kiireland, hodari wa kusokota nyuzi, jina lake Betty Burke. Na huyo Betty, aliyeonekana mrefu mno katika kanzu yake na mwenye hatua pana kupita adabu za kike, ndiye Mwana wa Mfalme mwenyewe. Wakavuka usiku wa Juni 28 katika mashua ya makasia, mvua na upepo vikiwapiga, na baada ya siku chache wakaagana mjini Portree, wasionane tena.

Flora alikamatwa, akapelekwa London, akawekwa kizuizini mpaka msamaha wa mwaka 1747. Akarudi, akaolewa na Allan MacDonald mwaka 1750, na mwaka 1773 akampokea nyumbani kwake mgeni mkubwa kutoka London, Dakta Samuel Johnson, aliyelala katika kitanda kilekile alicholalia yule mtoro. Mwaka uliofuata alihamia North Carolina pamoja na mumewe, vita vya uhuru wa Marekani vikawakuta huko wakiwa upande ulioshindwa, na mwisho akarudi Skye, alikofariki mwaka 1790 na kuzikwa Kilmuir mbele ya umati mkubwa. Kwa ajili yake jina la Flora lilipata heshima kubwa Uskoti, na mabinti wengi walibatizwa hivyo; lakini jina lililoheshimiwa lilikuwa la daftari, na Fionnghal, alilomwitia mama yake, likabaki kwa wasemao Kigaeli tu.

Baada ya Culloden mambo ya Nyanda za Juu hayakuwa kama zamani. Sheria ya mwaka 1746 iliwakataza wanaume kuvaa mavazi yao ya mistari mpaka ilipofutwa mwaka 1782. Mamlaka ya kurithi ya machifu katika hukumu yaliondolewa. Na Kigaeli kikaonwa na wakubwa kuwa ni lugha ya maasi na ujinga. Karibu na kambi ya askari ya Ruthven, katika wilaya ya Badenoch, alikuwako wakati huo mvulana wa miaka 9 au 10 aliyeyaona hayo yakipita mbele ya macho yake, jina lake James Macpherson, aliyezaliwa mwaka 1736. Mvulana huyo alipokua, akasoma Aberdeen, na mwaka 1760 akatoa kijitabu cha vipande vya mashairi, akisema amevifasiri kutoka katika Kigaeli cha kale. Wanazuoni wa Edinburgh, na mbele yao Hugh Blair, profesa wa balagha, wakafurahi kupita kiasi, wakamchangia fedha azunguke milimani na visiwani kutafuta mengine; na mwishoni mwa mwaka 1761 akawaletea kitabu kizima, *Fingal*, utenzi wa sehemu sita ambao alisema umetungwa na mshairi kipofu Ossian katika karne ya 3, na mwaka 1763 akaufuatisha na mwingine, *Temora*.

Fingal si mwingine ila Fionn yule wa hadithi, na Ossian ni Oisín mwanawe. Lakini Fionn wa wasimuliaji, aliyependa nyama, kicheko na ugomvi, amegeuzwa na Macpherson kuwa mfalme mpole mwenye huzuni, akisimama juu ya mlima wenye ukungu na kulia kwa ajili ya waliokufa. Ulaya ikalewa. Goethe aliingiza kurasa nzima za Ossian katika kisa chake cha Werther mwaka 1774. Napoleon alizunguka na tafsiri ya Kiitaliano katika safari zake za vita, na kwa mapenzi hayo mwana wa jenerali wake Bernadotte, aliyezaliwa mwaka 1799 na ambaye Napoleon alikuwa baba yake wa ubatizo, aliitwa Oscar, akaja kuwa mfalme wa Sweden na Norwe. Na katika majemadari wa Napoleon alikuwamo Marshal Macdonald, mwana wa yule Neil MacEachen aliyekaa mashuani pamoja na Flora. Hivyo mwana wa mkimbizi wa Culloden akamtumikia mfalme aliyesoma habari za milima ya baba yake katika kitabu cha Macpherson.

Lakini wako waliokataa. Dakta Johnson alisema waziwazi kwamba maandishi ya kale yaliyodaiwa hayako, na Macpherson alipomwandikia barua ya vitisho, mzee huyo akajibu kwa barua kali kuliko ile, na akanunua bakora nene. Ubishi huo ulidumu hata baada ya kifo cha Macpherson mwaka 1796, ambaye wakati huo alikuwa tajiri na mjumbe wa Bunge, naye akazikwa Westminster Abbey kwa gharama yake mwenyewe. Mwaka 1805 kamati ya Highland Society ilitoa taarifa yake: mashairi ya Kigaeli juu ya Fionn na watu wake yalikuwako kweli, na Macpherson aliyasikia na kuyatumia, ila aliongeza, alipunguza na kuunganisha apendavyo, wala utenzi mzima kama aliouchapisha haukuonekana mahali popote.

Katika kitabu hicho kilichokuwa nusu urithi na nusu uzushi ndimo majina kadhaa yalimopata uhai mpya. Malvina, mpenzi wa Oscar na kiongozi wa Ossian kipofu, ni jina lililobuniwa na Macpherson, akaunganisha maneno mawili ya Kigaeli yenye maana ya paji laini, na wazazi wa Ufaransa, Urusi na Marekani wakawaita mabinti zao hivyo. Na ni kwa Macpherson huyohuyo ambapo vitabu vya elimu ya majina aghalabu hurudisha umbo la Fiona. Umbo lenyewe linatoa ushahidi juu ya mtungaji wake, kwani Kigaeli hakifanyi jina la mwanamke kwa kuongeza *a* mwishoni mwa neno. Hiyo ni kanuni ya Kilatini, na *fionn* lenye mkia huo laonyesha mkono wa mtu aliyepita chuoni. Hata hivyo, tofauti na Malvina, Fiona halikushika wakati huo. Lilikuwa neno katika kurasa, na likakaa humo zaidi ya miaka 100 likimngoja mtu wa kulitoa.

Mtu huyo alizaliwa Paisley mnamo Septemba 12, 1855, mwaka uleule Serikali ilipoanzisha Uskoti kote uandikishaji wa lazima wa vizazi, ndoa na vifo, na kwa hiyo jina lake limo katika madaftari ya kwanza kabisa. Aliitwa William Sharp, mwana wa mfanyabiashara wa nguo. Yaya wake, mwanamke wa Visiwa vya Magharibi, alimlea kwa nyimbo na hadithi za Kigaeli, na likizo za kiangazi alizipitisha kando ya bahari ya magharibi miongoni mwa wavuvi. Alisoma kidogo katika chuo kikuu cha Glasgow, akaenda Australia kwa ajili ya afya yake, akarudi London akawa karani wa benki, kisha akajitia katika kazi ya kalamu, akaandika maisha ya washairi, tahakiki na makala za magazeti, akafahamiana na Rossetti na wakubwa wengine, na mwaka 1884 akamwoa Elizabeth, binti wa ami yake. Alikuwa mtu mrefu, mwenye ndevu, mchangamfu, ajulikanaye na kila mhariri, wala hakuna aliyemtazamia kutoa kitu cha ajabu.

Mwaka 1894 kilitokea kitabu kiitwacho *Pharais*, kisa cha visiwani chenye mapenzi na wazimu na bahari, na mtungaji wake alikuwa mwanamke asiyejulikana na mtu, Fiona Macleod. Mwaka uliofuata akatoa *The Mountain Lovers* na *The Sin-Eater*, kisha vingine vikafuatana. Wasomaji walisema kwamba roho ya Wagaeli imepata kinywa. Mshairi Yeats wa Ireland alimsifu na kuandikiana naye barua. Fiona Macleod alijibu barua zote kwa mwandiko mzuri wa kike, akaeleza kwamba anakaa mbali, kwamba husafiri mara kwa mara, kwamba afya yake haimruhusu kupokea wageni. Akaandikwa hata katika kitabu cha watu mashuhuri cha *Who's Who*. William Sharp alisema ni jamaa yake, na kwamba yeye humsaidia katika mambo ya wachapishaji. Kila aliyetaka kumwona bibi huyo alimkosa kwa siku moja au mbili.

Bila shaka Fiona Macleod alikuwa William Sharp, na mwandiko ule wa kike ulikuwa wa dada yake Mary aliyekuwa Edinburgh, ambaye alizinakili barua za kaka yake na kuzitia katika posta. Siri hiyo aliijua mkewe, na marafiki wachache sana, na miongoni mwao Edith Rinder, ambaye Sharp alikaa naye Roma na viungani mwake mwanzoni mwa mwaka 1891 na ambaye alimtunukia *Pharais*. Haikuwa hila ya biashara peke yake, kwani Sharp aliamini kwamba ndani yake mna nafsi mbili, na kwamba akiandika kwa jina la Fiona huandika mambo ambayo William hana uwezo nayo. Na alishikilia kwamba siri ikitoka, Fiona atakufa. Hata alipobanwa na umaskini na maradhi hakukubali kujitaja.

Alipoulizwa jina hilo amelipata wapi, Sharp alieleza kwamba lilimjia lenyewe; kwamba ni kifupisho cha kale cha Fionnghal, ambalo Waingereza huliita Flora; na kwamba ingawa watu wengi wa Nyanda za Juu wangesema limekwisha kufa, yeye alimjua binti mdogo wa kasisi mmoja wa huko aliyeitwa hivyo. Hapo tunaona jinsi nyuzi zilivyokutana: Fionnghal wa South Uist, aliyelazimishwa kuwa Flora na kalamu ya kasisi, anarudishiwa sehemu ya jina lake na mwanamume wa Paisley, kwa umbo ambalo mama yake asingalilitambua.

William Sharp alifariki mnamo Desemba 12, 1905 huko Sisilia, katika jumba la Maniace karibu na Bronte, akazikwa hapohapo chini ya msalaba wa namna ya Kigaeli. Alikuwa ameacha barua kwa rafiki zake, za kufunguliwa baada ya kifo chake, akiwaarifu kwamba Fiona Macleod alikuwa yeye. Wako waliocheka, wako waliokasirika kwa kudanganywa miaka 11, na mjane wake alijaribu kuyaeleza yote katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1910. Lakini Fiona hakufa kama alivyohofu mwenyewe. Tamthilia ya *The Immortal Hour*, iliyoandikwa kwa jina hilo la kike, ilifanywa opera na Rutland Boughton mwaka 1914, na ilipochezwa London kuanzia mwaka 1922 ilirudiwa zaidi ya mara 200 mfululizo.

Wakati huo ada ya zamani ya kuwarithisha watoto majina ya mababu ilikuwa imeanza kulegea. Watu walikwisha kuhama mashamba na visiwa kwenda Glasgow na ng'ambo, bibi hakukaa tena nyumba moja na mjukuu, na wazazi waliopata kusoma walitaka jina lenye uzuri wake lenyewe, jepesi kwa Mwingereza kulitamka, lakini lenye harufu ya milima. Fiona lilikuwa limetengenezwa, mtu angedhani, kwa haja hiyo hasa. Likaenea kwanza kwa watu wa mijini, kisha kwa wote, na katika miaka ya 1950 na ya 1960 lilikuwa miongoni mwa majina ya mabinti yaliyopendwa sana Uskoti. Likavuka mpaka Uingereza, Australia na New Zealand. Mwaka 1947 Wamarekani Lerner na Loewe walipotunga mchezo wa nyimbo *Brigadoon*, juu ya kijiji cha Kiskoti cha karne ya 18 kilichorogwa kionekane siku moja tu kila baada ya miaka 100, binti waliyemfanya mpenzi wa mgeni walimwita Fiona. Na watazamaji hawakuona kasoro yoyote, ingawa binti wa kweli wa kijiji kama hicho angaliitwa Fionnghal nyumbani, na Flora kanisani.

Basi mzazi akiuliza jina la Fiona lina maana gani na asili yake ni wapi, jibu kamili lina sehemu tatu, na mwenye kutoa moja na kuziacha mbili atakuwa amempunja. Maana yake ni weupe na nuru, na shina hilo ni la kale kupita tarehe za Uskoti; umbo lake ni la watu waliosoma, nalo halikuja kabla ya karne ya 18; na uhai wake kama jina la watoto ulitokana na vitabu vya mwanamume aliyeandika akiwa mwanamke. Wako wanaolidharau kwa sababu hiyo, wakisema si jina la Kigaeli cha asili. Lakini Flora nalo lilitoka Roma, na Margaret lilitoka kwa Wayunani, na hakuna Mskoti awaambiaye wenye majina hayo kuwa ni wageni. Yalipata uraia kwa kuchukuliwa na watu, si kwa cheti cha nasaba. Mabinti walioitwa Fiona katikati ya karne iliyopita sasa wana wajukuu, na mjukuu yeyote atakayepewa jina hilo leo kwa ada ya zamani atalipokea kwa bibi yake, na hatakuwa na haja ya kumjua Macpherson wala Sharp.